Bi Pimbi na Jiwe la Kampeni

Hapo zamani za kale, kabla binadamu hajajifunza kampeni kutoka kwa wanyama, palikuwa na nchi iitwayo Majabalini, na kila baada ya miaka mitano wanyama wa nchi hiyo walimchagua rais. Msicheke. Walikuwa na vyama, walikuwa na ilani, walikuwa na pilau. Kitu pekee walichokosa ni maji.

Na hata hayo maji yalikuwapo. Yalikuwa chini ya jiwe.

Jiwe hilo liliporomoka kutoka kilimani masika moja, gudugudugudu, likakaa puu juu ya chemchemi kama mgeni aliyeonyeshwa kiti. Tangu siku hiyo wanyama wadogo wakawa wanakwenda kuteka mtoni, mwendo wa asubuhi nzima, na mtoni alikuwako Mamba. Mamba hakuwa na chama. Alikula wa vyama vyote.

Basi, wiki ile kampeni zilipoanza, Bi Pimbi alirudi kutoka mtoni na kibuyu nusu, na binti yake Kijino nyuma yake akigeuka kila hatua kutazama walikotoka. Mamba alikuwa amemkosa kwa upana wa ukucha.

"Mama, kesho nisiende," Kijino akasema.

"Kesho huendi."

"Na keshokutwa?"

Bi Pimbi akakitikisa kibuyu, akasikia maji yanavyocheza ndani. Ya siku mbili, tena kwa kubana.

Jirani yake, Mzee Kobe, alikuwa anapita mlangoni. Amejifunga kanga ya rangi ya waridi juu ya gamba, na kichwani ana kofia ya rangi hiyo hiyo, imemfunika macho.

"Hodi hapa. Mkutanoni huendi, Bi Pimbi? Leo Mheshimiwa Kifaru anahutubia."

"Atasema nini?"

"Sijui, lakini nitampigia makofi. Sisi kwetu ni Chama cha Pembe tangu babu."

"Mzee Kobe, wewe una pembe?"

Kobe akafikiri. Kobe akifikiri, watoto, unaweza kupika ugali ukaiva.

"Sina," akasema mwishowe. "Ila kanga ninayo."

Wakaenda. Mheshimiwa Kifaru, rais aliyekuwa madarakani, alisimama jukwaani hatua mia moja tu kutoka kwenye jiwe. Upande wake wa kulia alikaa Fisi, mpambe wake mkuu, ambaye kazi yake ilikuwa kucheka kabla ya wengine.

"Ndugu wananchi," Kifaru akanguruma, "mkinichagua tena, lile jiwe litaondoka!"

Makofi, vigelegele. Kobe alipiga makofi mawili, la pili likafika wenzake wamekwisha kukaa.

Bi Pimbi akanyosha mkono. "Mheshimiwa, nina swali dogo. Jiwe ndilo lile pale. Na wewe, bila kukuvunjia heshima, ni kifaru. Kwa nini usilisukume leo, halafu tuje tule pilau?"

Fisi akacheka, akaona hakuna anayemfuata, akanyamaza.

"Kuna utaratibu," Kifaru akasema. "Serikali haikurupuki, mama."

"Jiwe lina miaka kumi na tano hapo."

"Ndiyo maana nasema hatukurupuki."

Kesho yake ikawa zamu ya mpinzani wake, Mheshimiwa Tembo wa Chama cha Mkonga. Huyu zamani alikuwa makamu mwenyekiti wa Chama cha Pembe, cheo alichokikalia miaka minane. Alipohama alieleza kwamba amechunguza kwa kina akagundua kuwa zile zake si pembe, ni meno. Chama chake kiligawa kanga za rangi ya kahawia. Bi Pimbi akapokea yake, maana kanga ni kanga, halafu akauliza swali lake lile lile.

Tembo alikuwa amechoka siku hiyo, na jua lilikuwa kali. Akajibu kabla hajafikiri.

"Nikiliondoa leo, mama, kura mtanipigia ya nini?"

Watu wakapiga makofi kwa mazoea. Bi Pimbi hakupiga. Alirudi nyumbani polepole, kanga begani, akiwa kama mtu aliyeokota ufunguo na sasa anaukumbuka mlango.

"Kijino," akamwambia binti yake, "mimi nilidhani hawa wanalisahau jiwe kila baada ya uchaguzi. Kumbe hawalisahau hata siku moja. Wanalitunza."

"Sasa utampigia nani?"

"Kwanza tunywe maji. Mwenye kiu hachagui, mwanangu. Hupokea."

Sasa, kuna jambo la waheshimiwa hawa ambalo Majabalini nzima ililijua na hakuna aliyelisema. Jukwaani walilaani ushirikina mpaka mate yakawaruka. Kifaru alisema chama chake ni cha sayansi, na nyuma ya sikio alikuwa na hirizi tatu. Tembo alisema uganga ni ujinga, lakini mganga wake alimkataza kuingia mkutanoni kwa mguu wa mbele, kwa hiyo aliingia kinyumenyume kila siku, na wapambe wakaeleza kwamba huo ni unyenyekevu.

Bi Pimbi akachomoa uzi mmoja kwenye ile kanga ya kahawia. Alfajiri akapanda juu ya jiwe, akaufunga uzi kwenye kijiti, akakichomeka kwenye ufa wa jiwe. Akapanga vijiwe saba kukizunguka. Akanyunyiza jivu la jikoni. Kisha akachukua ufagio, akaanza kufagia. Fya, fya, fya.

Asubuhi ya kwanza Fisi akapita. Asubuhi ya pili akapita taratibu. Ya tatu akasimama.

"Bi Pimbi, habari za asubuhi. Unafanya nini?"

"Nafagia."

"Naona. Kwa nini hapo?"

"Pana jivu."

"Na hilo jivu la nini?"

"La kuni."

Fisi akanyosha shingo. "Na huo uzi?"

"Uzi upi?"

"Huo wa kahawia."

"Aa, huo," Bi Pimbi akasema, akaendelea kufagia. Fya, fya.

"Nani kakuambia usiseme?"

"Sijasema nimeambiwa."

"Ndivyo wanavyosema walioambiwa," Fisi akasema, nywele za mgongo zimemsimama, akaondoka mbio.

Mnaona, Bi Pimbi hakusema uongo hata mmoja. Uongo wote aliusema Fisi, tena kwa gharama zake mwenyewe.

"Mheshimiwa," Fisi akamwambia Kifaru, "kuna fingo chini ya jiwe."

Fingo, watoto, ni dawa ya mganga inayozikwa ardhini, ili adui akipita karibu mambo yake yaende mrama.

"La nani?" Kifaru akauliza.

"Uzi wake ni wa kahawia."

"Tembo!" Kifaru akakohoa, akajiweka sawa. "Mimi siamini mambo hayo. Chama chetu ni cha sayansi."

"Najua, Mheshimiwa."

"Ni upuuzi mtupu."

"Mtupu kabisa."

Kifaru akapapasa hirizi nyuma ya sikio. "Limezikwa upande gani?"

Sasa mjue kwamba Fisi alikuwa na kofia mbili. Asubuhi alivaa ya waridi, na mchana, baada ya kula kwa Kifaru, alivaa ya kahawia akaenda kula kwa Tembo. Kwa hiyo habari ile ile ilifika kwa Tembo kabla wali haujapoa.

"Fingo?" Tembo akasema. "Mimi sijazika fingo."

"Uzi ni wa rangi yako, Mheshimiwa."

"Nakuambia sijazika. Mwaka huu mganga hajanipa la kuzika, amenipa la kuoga."

Fisi akashusha sauti. "Basi aliyelizika ametumia uzi wako akufunge wewe. Na Kifaru nimemwona analiulizia."

Masikio ya Tembo yakalala. Usiku ule, kwa mujibu wa mkewe, alijigeuza kitandani mara arobaini, na tembo akijigeuza si jambo la siri, mtaa mzima uliamka.

Kesho yake saa sita, jua la utosi, wakati kila mwenye akili amelala kivulini, Mheshimiwa Kifaru alikuja kwenye jiwe kwa kunyata. Kutoka upande wa pili, kinyumenyume, akaja Mheshimiwa Tembo. Kifaru akageuka kuangalia nyuma, wakagongana makalio.

"Mheshimiwa," akasema Kifaru.

"Mheshimiwa," akasema Tembo.

"Mimi napita tu."

"Na mimi napita."

Wakasimama. Hakuna aliyepita.

"Karibuni, waheshimiwa," ikasema sauti kutoka juu. Bi Pimbi alikuwa kileleni mwa jiwe na ufagio wake. "Mmekuja kuona jiwe?"

"Jiwe gani?" Kifaru akauliza, naye ameliegemea.

"Haya, pumzikeni. Mimi nikimaliza kufagia nawaita majirani. Jua likipinda kidogo tu, kina mama wote wanakuja kukaa hapa kivulini."

Akashuka, akakaa pembeni, akaanza kung'oa nyuzi zilizolegea kwenye ufagio kama hana haraka na dunia.

Waheshimiwa wakatazamana. Kuondoka haiwezekani, maana atakayeondoka amemwachia mwenzake. Kubaki haiwezekani, maana kina mama wanakuja.

"Unajua," Kifaru akasema, "jiwe hili limekaa vibaya. Ni hatari kwa watoto."

"Nimelisema siku zote," Tembo akasema.

"Nadhani nitalisogeza kidogo."

"Hapana, hapana, acha nilisogeze mimi."

Upande wa pili kulikuwa na mlima, kwa hiyo walilazimika kusukuma upande mmoja. Kifaru akaingiza pembe chini, Tembo akaweka paji la uso. Hngg. Hngg. Miaka kumi na tano jiwe lile lilikuwa halijaguswa, na hakuna aliyejua lina uzito gani, kwa sababu hakuna aliyejaribu. Hngg ya tatu, jiwe likasema kwaa, likalegea, likaporomoka bondeni, gudugudugudu, puu.

Chini yake palikuwa na tope jeusi na kilichokuwa zamani mdomo wa chemchemi, umezibwa na changarawe.

Kifaru akanusa. "Halipo."

"Nini halipo?" Tembo akauliza.

"Hakuna. Wewe unatafuta nini?"

"Mimi sitafuti, nanyosha mkonga." Na mkonga ulikuwa tayari topeni mpaka nusu.

Bi Pimbi akapiga mwayo. "Waheshimiwa, sijui mnatafuta nini, na si kazi yangu kuuliza. Mimi kitu nikikizika, hukizika kina cha goti."

"Goti la nani?" Tembo akauliza upesi.

"Mimi langu dogo. Kila mtu na goti lake."

Tembo akalitazama goti lake. Kifaru naye akalitazama goti la Tembo. Wakaanza kuchimba. Chakacha, chakacha, changarawe huku, tope kule. Walichimba kama watu waliolipwa, wao ambao hata wakilipwa hawachimbi. Kifaru akatoa mawe kwa pembe, Tembo akavuta mizizi kwa mkonga. Kila mmoja alipoona mwenzake amechimba zaidi, alidhani mwenzake anajua kitu, akazidisha.

Halafu ardhi ikakohoa. Chururu. Kisha, bila kuomba ruhusa ya chama chochote, bwaa. Maji.

"Kijino," Bi Pimbi akaita bila kupaza sauti sana, "lete kibuyu. Lete na ndoo."

Kijino akaja mbio. Nyuma yake majirani, na nyuma ya majirani, baada ya muda, Mzee Kobe. Waliwakuta waheshimiwa wawili wamesimama ndani ya maji mpaka tumboni, tope usoni, kila mmoja akimkagua mwenzake mikononi. Fisi alifika, akaangalia huku na huku, hakujua avae kofia gani, akazivua zote mbili.

Kifaru ndiye aliyewahi. "Ndugu wananchi, nimetimiza ahadi yangu."

"Ahadi yako?" Tembo akasema. "Aliyesukuma ni nani?"

Wakagombana mpaka jua likazama. Wananchi hawakuwasikiliza vizuri, walikuwa wanakunywa.

Kwa wiki nzima iliyofuata kila chama kilitoa kanga mpya yenye picha ya jiwe. Mzee Kobe akawa nazo mbili, na hilo likamsumbua. Akamfuata Bi Pimbi chemchemini.

"Jirani, mimi nimechanganyikiwa. Wote wawili wameondoa jiwe. Sasa nitachaguaje?"

"Zamani ulikuwa unachaguaje?"

Kobe akafikiri. "Zamani sikuwa nachagua," akasema. "Nilikuwa napiga kura."

"Basi njoo kwenye mdahalo kesho, usikie kwa masikio yako. Anza safari sasa hivi."

Mdahalo ulifanyika pale pale chemchemini, siku moja kabla ya kura. Wanyama walikuja hata wasioalikwa, na kwa mara ya kwanza walikaa mpaka mwisho, maana zamani katikati ya hotuba ilibidi waondoke kwenda mtoni. Mtu asiye na kiu ana muda wa kusikiliza, na hilo waheshimiwa hawakulizoea. Waliulizwa habari za shule ya watoto wa wanyama wa usiku. Waliulizwa habari za Mamba, kwa nini hajawahi kuitwa hata siku moja kujieleza. Jasho liliwatoka.

Kisha Bi Pimbi akanyosha mkono. Fisi, ambaye ndiye aliyegawa nafasi za kuuliza, alijaribu kumruka, lakini watu wakaguna, ikabidi ampe nafasi.

"Waheshimiwa, ahsanteni kwa maji. Nina swali dogo. Siku ile ya jiwe, mlipokuwa topeni mnachimba, mlikuwa mnatafuta nini?"

Kifaru hakusita. "Nilikuwa nakagua mradi."

"Saa sita mchana? Bila walinzi?"

"Ukaguzi wa kushtukiza."

Watu wa waridi wakapiga makofi. Zamu ikawa ya Tembo. Akatazama wapambe wake, wakamfanyia ishara za mkono: mradi, mradi. Akatazama maji.

"Fingo," akasema.

"Umesema?"

"Nilikuwa natafuta fingo. Niliambiwa limezikwa pale, nikaogopa. Sikulala usiku. Nilikuja kulitoa." Akashusha pumzi ndefu, fuuu. "Nilijua ni jambo la aibu, ndiyo maana nikaja saa sita."

Chemchemi nzima ikaangua kicheko, na Tembo akasimama pale akachekwa. Hakukimbia. Vicheko vilipopungua, Bi Pimbi akasema:

"Basi na mimi niseme langu. Mheshimiwa, fingo halikuwapo. Uzi niliuweka mimi. Niliuchomoa kwenye kanga uliyonipa mwenyewe. Vijiwe ni vya uwanjani kwangu, na jivu ni la jikoni."

Kabla Tembo hajajibu, jukwaa lilitikisika.

"Nini?" Kifaru akanguruma, ameruka kutoka kitini, hirizi zote tatu zimemtoka nyuma ya sikio. "Kumbe hakukuwa na fingo? Mchana mzima nachimba, pembe imeniuma siku tatu, na wewe mwanamke unajua hakuna fi..."

Akaishia hapo. Lakini sentensi, watoto, ikishatoka nusu, nusu ya pili watu huimalizia wenyewe.

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Mzee Kobe. Ilikuwa ajabu, kwa sababu Kobe katika maisha yake yote hakuwahi kuwa wa kwanza kwa lolote. Alicheka mpaka akapinduka, gamba chini miguu juu, na hata walipomgeuza alikuwa bado anacheka.

"Ukaguzi," alikuwa anasema. "Ukaguzi wa kushtukiza."

Kesho yake wakapiga kura, kila mmoja akatumbukiza kokoto kwenye mtungi anaoutaka. Mzee Kobe alifika karibu na kufunga. Alisimama mbele ya mitungi miwili muda mrefu, kanga mbili amezikunja kwapani, wala hakuvaa hata moja.

"Vipi, Mzee?" Bi Pimbi akamwuliza alipotoka.

"Nimempa Tembo. Ndiyo mara ya kwanza katika ukoo wetu."

"Kwa sababu si mwoga?"

"Mwoga ni mwoga. Lakini kaulizwa, kasema."

"Hiyo inatosha kwa miaka mitano," Bi Pimbi akasema. "Ukifika wa sita tutamwuliza tena."

Tembo akashinda kwa kokoto kumi na tisa. Siku ya kuapishwa aliingia uwanjani kwa mguu wa mbele, akajikwaa kidogo kwa kukosa mazoea, akaendelea. Bi Pimbi hakuhudhuria. Alikuwa anafua kanga zake, ya waridi na ya kahawia, katika maji mengi.

Nanyi mkikua mkapewa kokoto mkononi, kumbukeni: anayekuahidi kesho jambo analoliweza leo, usikae kumngoja, mtafutie sababu ya kulifanya leo.